Kishahidi Chini ya Mguu wa Cherehani

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mama Uhakika alikuwa ameshakagua nyumba nzima. Alitikisa kitasa cha mlango wa nyuma. Alifunua pipa la maji, akachungulia, akalifunika tena. Alitazama kamba ya nguo, kama nguo zililala salama. Jina hilo la Uhakika walimpa majirani, naye hakukasirika. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoka nje kwanza, akanyoosha mkono, ndipo akakuamini.

Mume wake alikuwa mhudumu wa hoteli. Maneno yake yalikuwa machache, na viatu vyake viling'aa siku zote. Watoto wao walikuwa wakubwa, kila mmoja na kwake. Nyumba ilikuwa kimya, isipokuwa sauti ya cherehani.

Ilikuwa cherehani ya kanyagio, nyeusi, imewekwa chumba cha mbele chini ya dirisha. Mama Uhakika aliipenda, tena hakuficha. Mapazia aliyashona yeye. Foronya alizishona yeye. Hata sare za shule za watoto, enzi zile, zilitoka pale. Na mwaka huu alikuwa amejifunza kudarizi. Alibana kitambaa kwenye fremu ya duara, akakanyaga taratibu, na ua likachipuka juu ya kitambaa. Kwa furaha, alikuwa amedarizi kila kitu, mpaka taulo la kufutia vyombo.

Sasa alikuwa na kazi moja kubwa. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Jumapili angekuja kumwonyesha.

"Mjukuu wangu wa kwanza hafunikwi shali ya dukani," alisema Mama Uhakika. "Atafunikwa na kazi ya mikono ya bibi yake."

Alinunua kitambaa cheupe, laini. Kila pembe ingekuwa na ua la buluu na majani ya kijani. Alianza kwa moyo mkunjufu.

Wiki hiyohiyo, wifi yake akaja.

Wifi huyu alikuwa dada mdogo wa mume wake. Nyumba aliyopanga ilikuwa inabomolewa, naye hakuwa na pengine pa kwenda. Alikuja na begi moja na ndoo moja. Hakuwa mvivu. Alifagia, alipika, alifua. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele, akaitazama cherehani.

"Wifi, hii unaiendeshaje?" aliuliza. "Nifundishe na mimi."

"Hii si ya kuchezea, wifi," alijibu Mama Uhakika.

Wifi alicheka kidogo, akaenda zake jikoni.

Kesho yake Mama Uhakika alikaa kudarizi. Ua la kwanza halikutoka vizuri. Uzi ulikatika. Akautunga tena, ukakatika tena. Mishono mingine iliruka. Kitambaa kilijikunja kuzunguka ua, kikawa na makunyanzi. Alishika fremu mkononi, akageuka polepole kutazama mlango. Wifi alikuwa anapita na ufagio.

Jana cherehani ilikuwa nzima. Leo ni mbovu. Kitu gani kimebadilika humu ndani? Jibu lilikuwa linafagia ukumbini.

Roho iliingiwa na wasiwasi tangu hapo, na wasiwasi wa Mama Uhakika haukuwa wa kawaida. Haukulala.

Jioni, mume wake aliporudi kazini, alimvuta pembeni.

"Baba, dada yako anachezea cherehani yangu."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Ndiyo maana nasema ni mjanja."

Mume wake alivua kiatu, akakitazama soli. "Mke wangu, labda imechoka tu."

"Imechoka! Imechoka siku aliyofika yeye?"

Mume alivua na kiatu cha pili.

Basi Mama Uhakika akatega mtego. Kila jioni alichomoa sindano kwenye cherehani, akaificha kabatini, ndani ya soksi. Aliutoa na uzi wote. Kisha alichukua kipande kidogo cha kitambaa chekundu, kidogo kama ukucha, akakilaza chini ya mahali sindano ilipokuwa. Akaushusha mguu wa cherehani, ule wa chuma unaokandamiza kitambaa, ukakibana pale pale. Kipande kile alikiita kishahidi. Mtu akigusa cherehani, kishahidi kitasogea. Kikisogea, mwizi amekamatwa.

Asubuhi alikuwa na utaratibu wake. Alirudisha sindano. Alitunga uzi kutoka juu mpaka kwenye tundu la sindano. Lakini kishahidi hakukigusa. Alikiacha kimebanwa chini ya mguu, akaketi, akasubiri. Wifi alipoleta chai, ndipo alipouinua mguu, akakichomoa kishahidi mbele yake, huku akimkazia macho usoni. Alitaka kuona kama atashtuka.

"Chai yako, wifi," alisema wifi.

"Asante," alisema Mama Uhakika, macho hayajabanduka.

Wifi hakushtuka. Alirudi jikoni. Mama Uhakika akaona hilo nalo ni dalili. Mtu asiye na neno angeuliza kile kitambaa chekundu ni cha nini. Huyu hakuuliza, kwa hiyo anajua.

Kishahidi hakikuwahi kusogea, lakini cherehani ilizidi kuharibika. Sasa ilikuwa balaa. Kwa juu ua lilionekana afadhali. Ukigeuza fremu, kwa chini nyuzi zilikuwa zimefumbatana, zimejaa vitanzi na mafundo. Kitambaa kilinasa kwenye cherehani, akalazimika kukata nyuzi kwa mkasi ili akinasue. Aliogopa kuitoboa shali.

"Anakitoa kishahidi, anachezea, anakirudisha," alijiambia. "Ana mkono mwepesi huyu!"

Kisha akaona jambo jingine. Wifi alipofagia chumba cha mbele, alifagia pembe zote, lakini cherehani aliizunguka kwa mbali. Hata ufagio haukuingia chini ya meza yake. Vumbi lilijaa pale. Mbona anaikwepa kama inang'ata?

Na vipande vya vitambaa! Kando ya meza palikuwa na kapu la vipande vilivyobaki, pamoja na vile vya kujaribia maua. Kapu lilianza kupungua. Mama Uhakika aliliinamia, akapekua, akasimama. Kulikuwa na kipande chenye ua lililoharibika nusu. Sasa hakikuwapo.

Sasa alikuwa na hakika. Alikosa usingizi usiku, akakosa hamu ya chakula. Walipokaa mezani, alimtazama wifi akitafuna. Wifi akiinua macho, yeye alitazama chumvi. Chumbani kwa wifi kulikuwa kimya siku zote, na kimya kile kilimkera kuliko kelele.

Alhamisi jioni alimwambia mume wake, bila kupunguza sauti:

"Jumapili mtoto akishaondoka, na dada yako aondoke. Nimechoka kuishi na mtu wa kunihujumu. Shali ya mjukuu wangu imekuwa tambara!"

"Aende wapi?" aliuliza mume.

"Sijui. Mimi nauliza, cherehani yangu iende wapi?"

Nyuma ya pazia la ukumbi, nyayo zilisimama. Kisha zikaondoka taratibu. Mama Uhakika alizisikia. Moyo ulimchoma kidogo, lakini akaufunga.

Asubuhi begi la wifi lilikuwa limesimama karibu na mlango wa chumba chake. Limefungwa.

Mama Uhakika alitaka kumaliza jambo hili mbele ya mtu. Nyumba ya tatu aliishi mama mmoja mzee, aliyefundisha ushonaji miaka mingi. Wote walimwita Mwalimu Pindo, kwa sababu kila mwanafunzi wake alianza na pindo, alie asilie. Mama Uhakika akamfuata.

"Mwalimu, njoo uikague cherehani yangu. Nataka useme kwa kinywa chako kwamba imechezewa."

"Mwanangu, mimi nasema ninachokiona," alijibu Mwalimu Pindo. Alichukua miwani yake, akaja.

Aliingia chumba cha mbele, akavuta kiti, akakaa. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameifungia nyuma.

"Haya," alisema Mwalimu Pindo. "Fanya kama unavyofanya kila siku. Usiache kitu."

Mama Uhakika akatoa sindano kwenye soksi, akaipachika.

"Ngoja kwanza. Sindano hiyo nipe." Mwalimu Pindo aliipitisha ncha yake taratibu juu ya kipande cha hariri. Ilivuta nyuzi. "Butu. Tena ncha imepinda. Umeshonea nini kigumu?"

"Sijashonea kitu kigumu."

"Kabisa?"

Mama Uhakika akafikiri. Uso ukaanza kupata moto. "Mkanda wa begi la mume wangu. Ule wa turubai. Lakini ilikuwa ni mshono mmoja tu!"

"Lini?"

"Kabla sijaanza kudarizi shali."

"Kabla wifi yako hajaja?"

Mama Uhakika alitazama dirishani. "Siku moja kabla."

"Ndiyo hiyo iliyokukatia uzi na kurusha mishono. Sindano nyembamba ni ya kitambaa chepesi. Turubai lina sindano yake nene. Na sindano si mke wa ndoa, mwanangu. Ukianza kazi kubwa, badilisha." Akatoa sindano mpya mfukoni. "Tazama shina lake. Upande mmoja ni bapa. Kila cherehani ina upande wake wa kuuelekeza huo ubapa. Ukigeuza, haishoni. Wewe unaichomoa na kuirudisha kila siku, kwa kubahatisha. Haya, endelea."

Mama Uhakika akapachika sindano mpya. Alitunga uzi, akapitisha kwenye visahani viwili vidogo vya kukaza uzi, akashuka mpaka kwenye tundu. Kishahidi chekundu kilikuwa bado kimebanwa chini ya mguu.

"Hapo hapo!" Mwalimu Pindo aliinua kidole. "Hicho chekundu ni nini?"

Mama Uhakika alikifunika kishahidi kwa kidole.

"Ni… alama."

"Alama ya nini?"

"Ya kujua kama kuna mtu amegusa."

"Na unakitoa lini?"

"Nikishatunga uzi. Nakitoa wakati…" Wifi alikuwa anamtazama.

Mwalimu Pindo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Basi mkorofi wako nimemwona," alisema.

"Nani?" Mama Uhakika aliruka.

"Amekaa kwenye kiti cha cherehani."

Mama Uhakika alikitazama kiti alichokalia. Hakuna mwingine aliyekuwa amekikalia.

"Sogea uone," alisema Mwalimu Pindo. Alichukua uzi, akauvuta polepole. "Mguu ukiwa chini, visahani hivi viwili vinabanana kama midomo ya mtu aliyenuna. Uzi hauingii katikati yake. Unapita juu juu. Haukazwi. Ukikanyaga, uzi wa juu unamwagika wote chini, unafanya vitanzi na mafundo. Umeona hayo?"

"Nimeyaona," alisema Mama Uhakika kwa sauti ndogo.

"Sasa inua mguu. Visahani vimeachana. Tunga uzi tena. Ingiza vizuri katikati. Sasa shusha mguu, uvute uzi. Unasikia?"

Mama Uhakika akavuta. Uzi ulikuwa mzito mkononi, unakataa kidogo. Zamani ulikuwa hivi. Alikuwa amesahau.

"Kwa hiyo kila siku nilipotega…"

"Kila siku ulipotega, ulijiharibia mwenyewe. Kutunga uzi, mguu juu. Kushona, mguu chini. Na ukidarizi umeufungua mguu, kile kijiti cha kuupandishia bado kishushe, kwa sababu ndicho kinachovibana visahani."

Mama Uhakika alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Alikuwa na ushahidi mmoja uliobaki, akaukumbatia.

"Sawa! Na vipande vyangu vya kitambaa? Vina miguu? Vimeondoka vyenyewe kwenye kapu?"

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Uani mume wake alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akijiandaa kwenda kazini. Mkononi alikuwa na kiatu. Alikuwa anakisugua kwa nguvu, na kila aliposugua, ua la buluu lililoharibika nusu lilipanda na kushuka.

Wote watatu walimtazama. Yeye akainua macho.

"Nini?" aliuliza. "Ni laini sana hivi. Vinang'arisha."

Mwalimu Pindo alikohoa ili asicheke. Wifi hakucheka. Alikuwa anatazama begi lake.

Mama Uhakika akasimama. Aliona aibu mpaka masikioni, na zaidi ya aibu aliona uchungu, kwa sababu zile nyayo za ukumbini alizisikia mwenyewe.

"Wifi," alisema. "Nimekukosea. Nimekuwazia mabaya, na nimeyasema. Uliyasikia."

"Niliyasikia," alisema wifi. "Na kile chekundu nilikiona tangu siku ya kwanza, wifi. Nilikuja kufagia, nikakuona unakitega. Nikajua nimetegewa mimi. Basi nikawa napita mbali. Nilikuwa naogopa hata ufagio usiiguse meza, usije ukasema." Akaliangalia begi tena. "Sikuwa na pa kwenda, wifi. Ningefanya nini?"

Mama Uhakika alikwenda ukumbini, akaliinua lile begi. Kwa sekunde moja wifi alidhani analitoa nje. Lakini alilibeba mpaka chumbani, akaliweka juu ya kitanda, akalifungua zipu mwenyewe.

"Toa nguo zako," alisema. "Zitapata makunyanzi."

Mwalimu Pindo hakutaka machozi kazini. Aliwaita wote wawili. Aliwaonyesha jinsi ya kufungua bamba dogo la chuma chini ya sindano. Ndani palikuwa na manyoya ya uzi na vumbi, yamejibana kama pamba.

"Haya nayo yalikuwa yanaisonga cherehani," alisema. "Chukueni brashi ndogo. Msipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Mkimaliza, tone moja la mafuta ya cherehani pale penye tundu la mafuta. Si mafuta ya kupikia! Yale yanaganda. Kisha shoneni kwanza kipande kibovu, mafuta yasichafue shali."

"Na makunyanzi?" aliuliza Mama Uhakika. "Ua likiisha, kitambaa kimejikunja."

"Umeweka nini chini ya kitambaa?"

"Sijaweka kitu."

"Kitambaa laini hakiwezi kubeba mishono yote ile peke yake. Weka karatasi nyembamba nyeupe chini, vibane vyote viwili kwenye fremu. Kitambaa kikazwe mpaka ukikigonga kinalia. Lakini usikivute baada ya kukaza, kitapinda. Ukimaliza ua, unaichana karatasi taratibu. Isiwe gazeti, wino utamwachia mtoto habari za mwaka jana."

Siku ile wifi alifumua maua mabovu. Mwalimu Pindo alimwonyesha kukata nyuzi kutoka upande wa chini, kidogo kidogo, asivute. Mama Uhakika alilowanisha kitambaa na kukipiga pasi, na vijitundu vikajifunga. Kisha akadarizi. Sindano ilishuka na kupanda bila kukwama. Ua likatoka, likatulia. Aligeuza fremu haraka kuhakikisha. Upande wa chini ulikuwa safi.

"Wifi, njoo uone!" aliita. Wifi akaja, mara ya kwanza bila kuzunguka kwa mbali.

Jumapili binti yake alikuja na mtoto. Shali ilikuwa na maua pembe zote nne, na moja lilikuwa na jani lililozidi kidogo. Mtoto alifunikwa, akapiga chafya, akalala. Mama Uhakika alimpakata muda mrefu. Kila aliyeuliza nani kaidarizi, alijibu kwamba wamefanya wawili.

Mume wake alipewa soksi kuukuu ya kung'arishia viatu. Alilalamika kuwa haina ulaini ule. Hakuna aliyemsikiliza.

Tangu siku ile Mama Uhakika hakutega tena. Nyumba aliendelea kuikagua, maana tabia haiondoki kwa wiki moja. Lakini sindano ilibaki kwenye cherehani, na uzi wake.

Siku moja alikwenda kumsalimia mjukuu. Alirudi alasiri, akatikisa kitasa cha mlango wa nyuma, akachungulia pipa, akaingia chumba cha mbele. Akasimama.

Cherehani ilikuwa imeguswa.

Haikuhitaji kishahidi. Uzi wa buluu ulikuwa umetolewa, umewekwa wa kijani. Kiti kilikuwa kimesogezwa. Kwenye meza palikuwa na fremu, na ndani yake kipande cha kitambaa kutoka kapuni, na juu yake jani moja, limepinda upande.

Mama Uhakika aliinua fremu. Akaigonga kwa ukucha, ikalia. Akaigeuza. Kwa chini hapakuwa na kitanzi hata kimoja. Aliyetunga uzi huu alikuwa ameuinua mguu.

"Wifi!" aliita kwa sauti ileile ya zamani.

Wifi alitokea jikoni mbio, mikono imejaa povu la sabuni. Aliona fremu, akasimama mlangoni.

"Nani ameigusa cherehani yangu?"

Wifi alifuta povu kwenye nguo yake. "Ni mimi, wifi."

Mama Uhakika alimkazia macho kwa muda. Kisha akavuta kiti cha pili, akakiweka kando ya chake.

"Basi njoo ukae," alisema. "Hili jani lako limepinda."